Lehemu ikipanda, lehemu ikishuka: maisha ya Dk. Hugh Trowell na somo lake kwa mama anayeuguza

Mama au mlezi, huenda unasoma ukurasa huu ukiwa kwenye benchi nje ya wodi ya upasuaji. Umetoka Kisondela alfajiri, ukapanda gari hadi Tukuyu au Mbeya, mkononi una kapu lenye ndizi zilizopikwa na chupa ya uji. Mgonjwa wako amefanyiwa upasuaji mkubwa na bado yuko mahututi. Katika majibu ya damu unaambiwa lehemu yake, ile ambayo wengi tunaiita kolesteroli, iko chini sana.

Pengine moyo wako umetulia kidogo. Kila siku tunasikia kwamba lehemu nyingi ni hatari kwa moyo, basi iliyo chini si ni habari njema? Kwa mtu mzima mwenye afya, anayetembea na kula vizuri, mara nyingi ndivyo. Kwa mgonjwa mahututi, hapana. Kwake lehemu inayoshuka haraka ni dalili kwamba mwili umeelemewa.

Ili uelewe jambo hili, tutakusimulia maisha ya daktari mmoja ambaye jina lake linajulikana sana katika historia ya tiba ya Afrika Mashariki. Aliuona mwili wa binadamu pande zote mbili: mtoto ambaye damu yake haina lehemu ya kutosha, na mtu mzima ambaye lehemu imeziba mishipa ya moyo wake. Daktari huyo ni Hugh Trowell.

Kijana anayefika Kenya

Hugh Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Thomas' jijini London. Mwaka 1929 akaajiriwa katika huduma ya afya ya serikali ya kikoloni, akaja Kenya pamoja na mke wake, Margaret. Huenda umewahi kulisikia jina la mama huyo pia, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere, ambayo wachoraji na wachongaji wengi wa Afrika Mashariki wamepitia.

Huko Kenya daktari huyu kijana alianza kuona watoto wa aina moja. Mtoto ana mwaka mmoja, miwili au mitatu. Miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inabambuka kama imeungua. Hacheki wala hachezi, na akipewa chakula anageuza uso. Wengi walikufa.

Wewe mama huenda unautambua ugonjwa huo. Tunauita unyafuzi, na mitaani wengi husema kwashakoo. Wakati ule vitabu vya madaktari havikuwa na jina lake, na baadhi ya waganga wa hospitali walidhani ni minyoo au kaswende.

Kosa lililochukua miaka

Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika kuhusu watoto hao. Aliwasikiliza kina mama wa Accra, na mwaka 1935 akatumia jina walilotumia wao: kwashiorkor. Katika lugha yao ni ugonjwa unaompata mtoto anayeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake anakuja. Yaani kina mama walijua chanzo kabla ya madaktari. Mtoto aliachishwa maziwa ya mama, akapewa uji mtupu wa mahindi.

Dk. Trowell hakukubali haraka. Mwaka 1935 alihamia Uganda, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago na kufundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Kama wataalamu wengine wa siku zile, aliamini kwamba ugonjwa huu ni aina ya pelagra, maradhi ya ngozi yanayotokana na kukosa vitamini moja ya kundi B. Aliandika hivyo katika majarida ya kitabibu. Akawapa watoto vitamini hiyo akingoja wapone.

Hawakupona. Watoto waliendelea kufa mikononi mwake.

Angeweza kulaumu wazazi, au kusema dawa ilichelewa. Badala yake aliendelea kuchunguza, na hatimaye akakiri kwamba alikuwa amekosea: hii haikuwa pelagra. Mwaka 1954 yeye na wenzake wawili, Davies na Dean, walitoa kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huu, na jina lake likawa lile lile walilolitumia kina mama wa Accra.

Ndizi nyingi, mtoto mgonjwa

Hapa tunaomba usome kwa makini, mama wa Kisondela. Buganda, alikokuwa Dk. Trowell, ni nchi inayofanana sana na Rungwe. Mvua ni nyingi, udongo una rutuba, migomba imezunguka kila nyumba. Njaa ya kukosa chakula ilikuwa nadra. Hata hivyo wodi za Mulago zilijaa watoto wenye unyafuzi.

Sababu ni kwamba ndizi hushibisha lakini ina protini kidogo sana. Mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa ndizi, muhogo au viazi vitamu peke yake alishiba tumbo, ila mwili wake ulikosa vifaa vya kujengea. Hata leo mikoa kadhaa ya Nyanda za Juu Kusini, inayolisha nchi nzima, ni miongoni mwa mikoa yenye udumavu mwingi wa watoto. Chungu kinaweza kujaa na lishe ikapungua.

Mafuta yaliyokwama ini

Madaktari wa Mulago walipowachunguza watoto hao waliona jambo la ajabu. Ini lilikuwa limevimba na kujaa mafuta. Lakini katika damu, lehemu ilikuwa chini sana. Mtoto alipoanza kupata maziwa na kupona, lehemu katika damu ilipanda tena.

Inawezekanaje mafuta yawe mengi ini na machache katika damu? Fikiria msimu wa parachichi. Matunda yameiva shambani, lakini hakuna lori la kuyabeba. Shambani yanarundikana na kuoza, sokoni hakuna kitu. Katika mwili, lehemu na mafuta mengine haviwezi kusafiri vyenyewe ndani ya damu. Hubebwa na vibebeo vilivyotengenezwa kwa protini, na kiwanda cha vibebeo hivyo kwa sehemu kubwa ni ini. Protini ikikosekana, au ini likielemewa, vibebeo vinapungua. Mafuta yanabaki ini, na kipimo cha damu kinaonyesha lehemu ya chini.

Kwa hiyo lehemu ya chini kwa mtoto yule haikuwa dalili ya moyo wenye afya. Ilikuwa taarifa kwamba kiwanda kimesimama.

Upande wa pili: mtu wa kwanza mwenye ugonjwa wa moyo

Dk. Trowell alikaa Kenya na Uganda karibu miaka 30. Katika muda huo alikuwa na tabia ambayo madaktari wengi hawana: aliandika pia magonjwa ambayo hakuyaona. Aliona kwamba Waafrika aliowatibu karibu hawakupata mshtuko wa moyo, na kwamba kisukari na mawe ya nyongo vilikuwa nadra. Ilipofika mwaka 1956 ndipo alipoandika, pamoja na daktari mwenzake, kuhusu mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Alikuwa mtu mwenye cheo na mwili mnene, aliyeishi na kula kwa mtindo wa Kizungu kwa miaka mingi.

Mwaka 1959 watafiti wa Kampala walilinganisha damu ya Waafrika na Waasia wa Uganda. Waafrika walikuwa na lehemu ya chini na mshtuko wa moyo ulikuwa nadra kwao. Waasia walikuwa na lehemu ya juu zaidi, na ugonjwa wa moyo uliwaua wengi.

Dk. Trowell alistaafu Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Pia akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana, akatumikia parokia moja karibu na mji wa Salisbury huko Uingereza na kuwahudumia wagonjwa hospitalini kama kasisi. Mtu aliyezoea kushika kipimo cha moyo sasa alikaa kando ya vitanda kama unavyokaa wewe.

Ungedhani hadithi inaishia hapo. Lakini alipokaribia miaka 70 alirudi kwenye utafiti. Rafiki yake wa Mulago, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyepoteza jicho moja utotoni na ambaye aina moja ya saratani ya watoto imepewa jina lake, alikuwa akiuliza kwa nini watu wa vijijini Afrika hawapati magonjwa mengi ya Ulaya. Wawili hao wakaelekeza macho kwenye makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi: zile zilizomo kwenye maharage, mboga, matunda na unga usiokobolewa. Mwaka 1972 Dk. Trowell aliandika kwamba nyuzinyuzi husaidia kupunguza lehemu na kukinga moyo. Mwaka 1975 yeye na Burkitt walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi, na kingine mwaka 1981. Leo tunajua kwamba nyuzinyuzi laini za maharage na nafaka hushusha lehemu kwa kiasi, ingawa chakula peke yake si sababu yote ya ugonjwa wa moyo. Dk. Trowell alifariki mwaka 1989.

Hii inamhusu vipi mgonjwa wako aliyepasuliwa?

Maisha ya daktari huyu yanatufundisha kwamba namba moja ya damu inaweza kuwa na maana mbili. Ni lazima kwanza uangalie ni damu ya nani, na yuko katika hali gani.

Kwa mtu mzima mwenye afya, jumla ya lehemu inayopendekezwa ni chini ya miligramu 200 kwa desilita, sawa na takriban milimoli 5.2 kwa lita. Ikikaa juu kwa miaka, hujikusanya kwenye kuta za mishipa na kuleta mshtuko wa moyo au kiharusi.

Kwa mgonjwa mahututi ni hesabu nyingine. Watafiti wa nchi mbalimbali wameona kwamba baada ya upasuaji mkubwa, ajali mbaya, kuungua sana au maambukizi yaliyosambaa katika damu, lehemu hushuka ndani ya siku chache, wakati mwingine sana. Wale ambao lehemu yao hushuka zaidi na kubaki chini hupata maambukizi zaidi na hufa zaidi kuliko wengine. Anayepona, lehemu yake hupanda taratibu, kama ilivyokuwa kwa watoto wa Mulago.

Hushuka kwa sababu kadhaa:

- Mgonjwa amepoteza damu, na dripu nyingi zimeifanya damu iliyobaki kuwa nyepesi.
- Ini limeacha kazi zake za kawaida ili kutengeneza protini za kupambana na jeraha na vijidudu.
- Vibebeo vya lehemu hunasa sumu ya bakteria ndani ya damu, navyo hutumika na kuisha.
- Mwili hutumia lehemu kutengeneza homoni za kukabili mshtuko na kurekebisha kuta za chembechembe zilizoumia.
- Mgonjwa hajala kwa siku nyingi, au alikuwa na utapiamlo hata kabla ya kupasuliwa.

Lehemu ya chini kwa mgonjwa huyu ni kama moshi. Moshi unakuambia kuna moto, lakini huuzimi moto kwa kupunga moshi. Haijathibitishwa kwamba kumpa mgonjwa mafuta mengi ili namba ipande humwokoa. Kinachomwokoa ni kutibu chanzo: kusafisha usaha, dawa sahihi za kuua bakteria, hewa, damu na maji ya kutosha, na lishe inayoanza kwa wakati. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki hakifanywi kwa kila mgonjwa. Ukikosa kukiona kwenye majibu, si kwamba amesahauliwa.

Wewe mlezi ufanye nini?

Katika hospitali zetu nyingi chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani. Kwa hiyo sehemu ya tiba iko mikononi mwako.

Kabla ya upasuaji. Kama upasuaji umepangwa, tumia wiki zilizobaki kumlisha vizuri. Kama amekonda bila kukusudia, mwambie daktari. Siku yenyewe fuata maelekezo ya kufunga. Kwa kawaida chakula kigumu husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu saa 2, lakini hospitali yako ndiyo itakayokupa saa kamili. Usimfungishe tangu jana yake kwa kudhani ndiyo usalama zaidi, hasa mtoto. Na usimpe chochote kwa siri kwa kumhurumia, kwa sababu chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu akiwa usingizini.

Baada ya upasuaji. Uliza kila siku: je, anaweza kuanza kula au kunywa? Kwa upasuaji mwingi siku hizi chakula huanza mapema kuliko zamani. Ukiruhusiwa, anza na kidogo na rudia mara nyingi. Uji wa lishe wenye maziwa au karanga zilizosagwa, yai lililoiva vizuri, maharage yaliyopondwa, usipa wa Ziwa Nyasa waliosagwa, kuku au nyama laini, pamoja na ndizi na parachichi. Ndizi peke yake haitoshi. Kila unapofunga kapu, jiulize: protini iko wapi?

Usimnyime yai kwa kuogopa lehemu. Baadhi ya familia humwondolea mgonjwa mayai, maziwa na nyama kwa hofu ya moyo. Mwenye kidonda kikubwa anahitaji protini kuliko siku zake zote. Suala la kupunguza mafuta litarudi akishapona. Na parachichi halina lehemu kabisa. Lehemu hupatikana katika vyakula vya wanyama tu.

Usimshindilie. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula, au mtoto mwenye unyafuzi, akipewa chakula kingi kwa ghafla anaweza kufa. Ndiyo maana hospitalini watoto hao huanzishwa na maziwa maalumu mepesi kwa vipimo vidogo, kisha huongezwa polepole. Mwenye uvimbe wa miguu na nywele zilizobadilika usimtibu nyumbani. Mpeleke hospitali.

Kama anatumia dawa za kushusha lehemu, peleka vidonge hivyo hospitalini na umwonyeshe daktari kabla ya upasuaji. Usimwachishe mwenyewe wala usiendelee kumpa kimya kimya.

Mkisharudi nyumbani, mrudishe hospitali mara moja ukiona haya: homa au mwili kuwa baridi isivyo kawaida, kupumua haraka, kuchanganyikiwa au kulala mno, mkojo kupungua, kidonda kutoa usaha au harufu, tumbo kuvimba na kutapika. Usingoje gari la kesho.

Kwa familia nzima, siku za afya

Dk. Trowell alipokuja Afrika Mashariki, mababu zetu wengi hawakuujua mshtuko wa moyo. Leo shinikizo la damu, kisukari na kiharusi viko hata vijijini. Lishe ya asili ya Kisondela ina mengi ya kujivunia: maharage, mboga za majani, ndizi, matunda, na kupanda milima kwa miguu. Yalinde hayo. Punguza mafuta ya kukaangia yanayorudiwa, soda na unga uliokobolewa mno. Na mtoto anayeachishwa ziwa, usimwache na ndizi tupu. Mnyonyeshe hadi miaka 2 au zaidi, na tangu miezi 6 mwongezee maharage, maziwa, yai au usipa kwenye bakuli lake.

Sasa rudi kando ya kitanda cha mgonjwa wako. Ukiambiwa lehemu iko chini, usishangilie na usikate tamaa. Muulize daktari au muuguzi mambo matatu: Chanzo cha kuzidiwa kwake ni nini? Lishe yake inaanza lini na kwa njia gani? Mimi nilete nini kesho? Una haki ya kuuliza. Dk. Trowell, pamoja na elimu yake yote, alikosea kwa miaka, wakati kina mama wa Accra walikuwa wamekwisha kulijua jibu.